Baba Aliyeitikia Pande Mbili

Mshona nguo alisimama nje ya pazia la kitanda cha baba yake, akatega sikio. Ndani, kaka yake, dereva wa lori, alikuwa anamalizia sala. Baba akaitikia. Sasa, alisema "Amin" ya msikitini au "Amina" ya kanisani? Kama ile "a" ya mwisho ilikuwepo, ilimpita.

Kaka huyo alihamia kanisani alipooa, na tangu hapo ndugu hao wawili walisalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Hata hospitali waligawana: asubuhi dada, jioni kaka. Leo dada alikuja jioni makusudi, kwa sababu muuguzi alimwambia, bila kujua anachochea nini, "Baba yenu anapenda kusali! Asubuhi na wewe, jioni na yule mwingine."

Akajibanza kwenye korido mpaka kaka akaondoka, kisha akaingia.

"Baba, umehama dini?"

"Nimehama wapi, mwanangu, na hata kitandani sijashuka?"

"Usinifanyie mzaha. Nimesikia. Mimi unaniambia yangu ni ya kweli. Yeye unamwambia nini?"

"Hivyo hivyo."

"Basi mmoja wetu unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mzee, aliyetengeneza redio miaka arobaini, akainua kidole kidhaifu. "Stesheni ni nyingi, mama, lakini hewa ni ile ile."

"Hewa sawa. Lakini moja ikitangaza mechi imechezwa, nyingine ikasema haikuchezwa, utaniambia zote zimesema kweli? Kaka anasema Yesu alisulubiwa. Mimi nasema Nabii Isa hakusulubiwa. Alisulubiwa au hakusulubiwa?"

Mzee akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Hapo umenibana." Akanywa maji. "Ila mtu akinishika mkono akamlilia Mungu kwa ajili yangu, nimwambie anyamaze?"

Dada hakuridhika. Alimjua baba yake: akizidiwa hoja, hukimbilia huruma.

Kesho yake jioni, kaka alipofungua pazia, alimkuta dada ameshakaa kitini.

"Umekuja kunichunga?"

"Ndiyo."

"Haya, chunga."

Kaka akasali. Dada akamfuata neno kwa neno, kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine. Ilipofika sehemu ya kumwombea mgonjwa apone, akasema "Amin" kwa sauti. Alipotajwa Mwana wa Mungu, akafunga mdomo kabisa.

"Umeruka," kaka akasema.

"Nimeruka. Siamini, na sitajifanya."

"Hata mimi asubuhi zako ningeruka." Kaka akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nilidhani unamfundisha kunichukia."

"Nami nilidhani unamwiba."

Wakatazamana, kila mmoja akimpima mwenzake. Baba alikuwa amefumba macho, akikoroma taratibu mno. Dada akamwinamia. Kope zilikuwa zinacheza.

"Hajalala huyu," akanong'ona.

"Najua. Hakoromi hivyo."

Wiki iliyofuata walimrudisha nyumbani kwa lori la kaka, watatu wakibanana mbele. Njia nzima walibishana kuhusu msalaba, sauti zikapanda, na hakuna aliyekubali kushindwa. Kila walipoanza kununiana, mzee, katikati yao, alichomeka swali jingine kwa uso wa mtu asiyejua lolote. Dada akamtupia jicho la pembeni. Alianza kushuku kwamba hata hilo la sala za pande mbili mzee alilipanga.