Utambi wa Pamba ya Sapiwi

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, Rehana alifunga nusu ya mlango wa duka lake la kanga na viungo pale Bariadi, akaweka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, akaanza kuyeyusha nusu kilo ya nta ya soya. Nta hiyo ilikuwa imekuja kwa basi kutoka Mwanza, vipande vyeupe vinavyofanana na sabuni iliyoparuzwa. Aliyeituma ni mdogo wake Nasrin, ambaye alikuwa na mwaka wa pili tu katika kazi ya mishumaa na kwa hiyo alijiita mtaalamu. Pamoja na nta alituma maelekezo, jumbe za sauti kumi na moja. Rehana alisikiliza nne akaona zinatosha.

Mshumaa wa kwanza ulibonyea katikati kama mto uliolaliwa. Wa pili uliota ukungu mweupe juu. Wa tatu ulichimba shimo jembamba kuzunguka utambi, moto ukazama humo ukazimika, na nta ya pembeni ikabaki nzima. Wa nne ulinukia mchaichai vizuri sana ukiwa baridi, lakini ulipowashwa haukunukia chochote. Rehana aliipanga yote minne kwenye rafu, nyuma ya mdalasini, akampigia mdogo wake.

"Unamimina ikiwa ya moto mno," Nasrin alisema. "Iache ipoe kidogo. Glasi nazo zipashe joto kwanza. Halafu huo utambi ni mwembamba, dada. Glasi pana inataka utambi mnene."

"Tambi ulizonitumia zimeisha."

"Nitakutumia nyingine. Nzuri, za pamba."

Rehana alicheka mpaka mteja akageuka kumtazama. Mtu wa Bariadi kutumiwa uzi wa pamba kutoka Mwanza ni sawa na mtu wa Kalemela, kule ziwani, kutumiwa dagaa kutoka Dodoma. Mkoa mzima umejaa pamba. Ipo magodauni, ipo kwenye malori, imenasa kwenye miiba ya kila uzio wa barabarani. Alimwambia Nasrin asijisumbue.

Pamba aliipata kwa Esteria. Esteria alikuwa mkulima wa kijiji cha Sapiwi, mama wa mapacha wakubwa, na mteja wa duka lile kwa miaka kumi na miwili. Alileta mfuko mmoja wa pamba ya shambani, akaketi kwenye benchi, akaichambua mbegu kwa vidole, kisha akaonyesha namna ya kuisokota juu ya paja, kama mama yake alivyosokota tambi za koroboi zamani. Mpaka adhana ya adhuhuri walikuwa na tambi sitini, nene, zilizonyooka. Rehana akampa mdalasini na iliki, Esteria akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, akaenda zake.

Mishumaa ya safari hii ilikuwa mizuri. Kosa moja haliachi mke, na makosa manne hayakumwachisha Rehana nta. Juu ilikuwa laini, haikubonyea, nta iliyeyuka mpaka ukingoni, na harufu ya mchaichai ilifika kwa muuza viatu duka la pili. Ilikuwa na kasoro moja tu. Moto haukusimama wima. Ulilala upande wa kushoto, kuelekea rafu ya chumvi, na ukabaki umelala hivyo hivyo.

Rehana alifunga dirisha. Alizima feni. Alikata utambi ukawa mfupi, kisha akaunyoosha kwa kibanio cha nguo wakati nta inaganda. Aligeuza glasi, moto nao ukageuka ukarudi kwenye chumvi.

"Kuna upepo," Nasrin alisema.

"Hakuna."

"Upo, ila huuoni."

Siku tatu moto uliinamia chumvi. Siku ya nne, Ijumaa, ulianza kusogea polepole, ukaelekea barabarani, ukaelekea stendi, halafu ukalala moja kwa moja kwenye mlango. Esteria akaingia.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu.

"Mwangaluka. Hebu zunguka hiyo meza."

Esteria alizunguka meza. Moto ukamfuata, kama ndama anavyomfuata mwenye chumvi. Akazunguka upande wa pili, ukamfuata tena. Akainama chini ya meza, nao ukajaribu kuinama ukashindwa, ukatoa moshi mweusi kidogo.

"Unanifuata," alisema Esteria.

"Ndiyo. Nilidhani ni upepo."

"Siyo upepo. Ni pamba. Nimeipanda mimi, nimeipalilia mara mbili, nimeibebea bomba la dawa mgongoni, nimeichuma. Itaacha kunijua?" Akaketi, akaomba kuona kanga mpya zilizoingia. Rehana akamtolea, na wakati wanazichagua alisogeza mshumaa mbali kidogo na vitambaa.

Rehana alifurahi kujua chanzo; rafu ya chumvi ilikuwa upande wa Sapiwi. Anayeanza kazi hii huumizwa na kasoro asizozijua, na ya kwake sasa aliijua. Aliandika kwenye kikaratasi, chini ya "joto" na "utambi mwembamba", maneno "Esteria akiwepo", akakibandika ukutani.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane alikuja Bundala, mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima. Bundala alikuwa amehudhuria harusi Mwanza akakuta mshumaa ndani ya glasi kwenye kila meza, na tangu siku hiyo hakuna shughuli ya chama aliyoiona imekamilika. Alitaka mishumaa arobaini. Ilikuwa ya sherehe ya kumtuza mkulima bora wa pamba, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Oda kubwa ya Rehana mpaka siku hiyo ilikuwa ya mishumaa mitatu, na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameununua yeye mwenyewe kwa jina la shangazi. Alijibu ndiyo kabla Bundala hajamaliza kusema rangi anayotaka.

"Na mkulima bora ni nani?" aliuliza.

"Mabula wa Sapiwi. Ekari tano, na pamba safi kuliko zote. Mcheza kwao hutunzwa."

Mabula alikuwa mume wa Esteria. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye ulimi mtamu, anayependwa na kila mtu, Rehana akiwemo. Alikuwa amehudhuria semina nne za kilimo cha pamba na angeweza kueleza nafasi kati ya shina na shina hata akiwa usingizini. Msimu ule alikuwa ameingia shambani mara mbili, mara moja kuwaonyesha wageni na mara moja kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Lakini shamba liliandikwa jina lake, na kwa chama mkulima ni yule aliyeandikwa.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, Rehana alipeleka mishumaa ukumbini, akaipanga, na Bundala akataka aione ikiwaka. Ilikuwa saa tisa alasiri na jua kali, kwa hiyo wakashusha mapazia. Feni zikazimwa zisiue moto. Arobaini yote ikawaka vizuri, na arobaini yote ikalala kuelekea mlango wa nyuma, ambako wake wa wanachama walikuwa wanachambua mchele. Esteria alikuwa miongoni mwao.

Bundala alitembea kutoka meza hadi meza, mikono nyuma.

"Mgeni rasmi atakaa mbele," alisema. "Mishumaa itakuwa inampa mgongo."

"Inamtazama Esteria. Ni pamba yake."

"Najua ni pamba yake. Sapiwi nzima inajua," Bundala alijibu, bila ukali wowote. "Mimi nasema habari ya mgongo. Ukishindwa kuinyoosha, mama, tutatumia maua ya plastiki. Yapo stoo."

Rehana alitoka nje akampigia Nasrin. Tambi za dukani zingefika Jumatatu. Uzi wa cherehani ungeungua kwa dakika moja, na kamba ya katani ingewakohoza watu. Aliyaona maua ya plastiki kwa macho ya moyo, yana vumbi la miaka mitatu, yamekaa mahali pa mishumaa yake, na roho ikamuuma kweli. Alikuwa na miaka arobaini na moja na hakuwahi kutengeneza kitu kwa mikono yake watu wakakisifia.

"Dada," Nasrin alisema, "moto ukiinama hushindani nao. Unahamisha kinachouvuta."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la maana zaidi alilosema Nasrin tangu mwezi wa sita. Rehana alisimama pale na simu mkononi, akajua la kufanya, akaona aibu. Aibu yenyewe ilikuwa kubwa, lakini maua ya plastiki yalikuwa makubwa zaidi. Akaenda jikoni.

"Esteria, kesho usikae huku nyuma. Ukae mbele, nyuma ya kiti cha Mabula. Mishumaa itatazama huko."

Esteria aliendelea kupepeta. "Nikae?"

Rehana akamtazama Bundala, aliyekuwa amefika mlangoni. Bundala akafikiri. Meza kuu ilikuwa na viti saba na majina saba.

"Asimame," alisema. "Ashike beseni na birika la kunawia. Hakuna atakayeuliza."

Esteria alicheka, kicheko chake cha kawaida, kifupi. "Ng'ombe haelemewi na nunduye. Nitasimama. Ila beseni liwe la plastiki, lile la bati lina uzito."

Wakampatia la plastiki.

Sherehe ilifana. Watu wanaizungumzia mpaka leo. Mapazia yalishushwa, joto likawa la kuivisha mkate, na mishumaa arobaini ikawaka na kuinama yote kwa pamoja kuelekea meza kuu, mahali hasa alipoketi Mabula amevaa suti ya kaka yake. Mgeni rasmi alisimama na karatasi yake, akatazama ukumbi, akaiweka karatasi chini.

"Ndugu zangu, hata mishumaa inamheshimu mkulima wetu," alisema.

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mabula naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, akainama kuirudishia mishumaa salamu.

Mara moja tu mambo yaliyumba. Maji ya birika yaliisha, Esteria akaenda kuchota bombani, na mioto yote ikamsindikiza, ikapita juu ya sahani za wali na kuelekea mlango wa ubavuni. Wageni waliondoa mikono, wakasogeza soda, wakaendelea kula. Bundala alinyanyua kidole, Esteria akaharakisha kurudi, na mioto ikarudi kwa Mabula.

Zawadi zilikuwa cheti kwenye fremu na bomba jipya la kupulizia dawa, la lita kumi na sita. Mabula alivipokea kwa mikono miwili. Cheti alikishika kifuani kwa ajili ya picha. Bomba lilimsumbua kwa sababu hakujua mikanda inakaa vipi, kwa hiyo akalipitisha nyuma bila kugeuka, na Esteria akaweka beseni chini, akalivaa mgongoni mara moja, akakaza mikanda. Kwenye picha anaonekana kwa nyuma, nusu uso, na mwanga wote umemwangukia yeye.

Watu waliondoka na mishumaa kama zawadi. Ndani ya wiki moja Rehana alipata oda ishirini, na hakuna aliyelalamikia kuinama. Bariadi walizoea haraka. Fundi ujenzi mmoja aliuweka wake kwenye dirisha, akawa anawaelekeza madereva wageni njia ya Sapiwi. Mwalimu mmoja, Felisita, alinunua miwili akasema hata ikiinama inanukia. Rehana aliongeza mstari kwenye kikaratasi cha ukutani: "Mshumaa ukiwa mezani, wa kusifiwa akae upande wa Sapiwi." Wateja wa harusi aliwasomea mstari huo kabla hawajalipa.

Mvua zilinyesha, pamba ikapandwa, ikaota. Mwezi wa kwanza ulipofika na palizi ya pili, Rehana aligundua jambo jingine. Mshumaa wa kaunta ulikuwa umeanza kutembea. Kuanzia saa moja asubuhi moto ulisogea polepole kutoka kwenye pakiti za chumvi hadi kwenye kopo la pilipili manga, ukatua kidogo, kisha ukarudi kwenye chumvi. Ilikuwa ni mistari ya shamba. Esteria alikuwa akipalilia kwenda na kurudi, na Rehana, kilomita nyingi mbali, aliweza kujua anapofika mwisho wa mstari na anaponyoosha mgongo. Saa saba moto ulisimama kwa muda wa kula kiporo. Kisha ukaendelea.

Alikuwa anautazama hivyo siku Mabula alipopita dukani, amependeza, anatoka kurekodi kipindi cha redio. Wateja watatu wakamfanyia nafasi kwenye benchi. Rehana akamfungulia soda kwa furaha ya kweli, maana duka huchangamka akiwemo.

"Siri ya pamba ni palizi," Mabula aliwaambia, ameegemeza kiwiko kwenye kaunta. "Wengi hupalilia mara moja wakachoka. Mimi nasema mara mbili. Jua liwake, mgongo uume, mara mbili."

"Unajituma, baba," alisema mteja mmoja.

"Ndiyo kazi yenyewe."

Moto ulitoka kwenye chumvi, ukapita taratibu mbele yake, ukafika kwenye pilipili manga, ukatua. Kisha ukaanza kurudi. Rehana aliona unaelekea kwenye mkono wa shati lake jipya, akausogeza mshumaa pembeni kidogo usije ukamuunguza.