Ndege Isiyo na Haraka

Mgeni aliinama kupita mlangoni, amekumbatia sanduku kubwa kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Yahya alidhani amepotea. Tangu asubuhi, hakuna aliyeingia katika chumba chake cha gemu pale Majengo, Thika, isipokuwa paka wa jirani.

"Wewe ndiye Yahya? Mimi ni Mbaluka, fundi wa Ruiru. Nasikia una kompyuta inayokohoa."

Akaeleza kwamba ofisi moja ya hapo mjini ilikuwa imeghairi kununua kompyuta hii mpya iliyokuwa sandukuni. Angemwachia Yahya alipe polepole, mradi yeye Mbaluka aondoke na ile kuukuu ya Yahya. Kuna mwalimu Ruiru aliyeitaka ya kufundishia kuchapa. Pikapu ingepita kumchukua Mbaluka muda si mrefu.

Yahya aliitazama kompyuta yake. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na herufi za kibodi zilikuwa zimefutika. Zamani watoto walipanga foleni hadi barazani. Lakini mwaka huo, 1998, chumba kingine cha gemu kilifunguliwa Ruiru, na vijana wa Thika wakawa wanashuka huko kuendesha magari yanayong'aa kiooni. Mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia, kwa upole, kwamba kuna kinyozi anakiulizia chumba.

Akauliza kama haiwezekani kuiongezea memori tu. Mbaluka akaifungua, akapuliza vumbi, akacheka.

"Naweza. Lakini ni kumnunulia mzee viatu vya mbio. Miguu ni ile ile, bwana."

Wakawasha ile mpya. Rangi zikamwagika kiooni, na Yahya akawaona akilini watoto wamerudi. Benchi limejaa, wanasukumana, wanabishana zamu ni ya nani. Aliona hata mashine ya pili, na ya tatu, na pazia jipya dirishani. Akatabasamu peke yake.

Kisha akaomba jambo moja: wajaribu gemu ya ndege.

Mbaluka akainakili. Ndege ikapaa, na kabla Yahya hajagusa kibodi ikawa imevuka mashamba, mto na mlima, ikaanguka. Wakarudia. Ikaanguka tena. Fundi akamweleza kwamba gemu hiyo iliundwa enzi za mashine za polepole, nayo hufuata mwendo wa mashine. Kwenye hii mpya itakimbia tu kama kichaa.

"Si uiache? Watoto hawaitaki hiyo."

"Si ya mtoto," Yahya akasema.

Ilikuwa ya mzee Kang'ethe wa Ngoingwa, ambaye Yahya alimwita guka, yaani babu. Alikuwa akitunza maua ya hoteli iliyo karibu na maporomoko ya Chania, hadi kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia. Kila Alhamisi, akitoka kliniki, aliketi hapa kuvifundisha vidole upya. Alikuwa amejifunza kupaa, kisha kupinda. Kutua bado. Wiki iliyopita alimkuta Yahya akiipangusa mashine kama kitu cha kuuzwa, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwana wakwa, mwanangu, utaniachia hii ndege mpaka nitue?" Yahya alijibu ndiyo, hata bila kufikiri.

Mbaluka alisikiliza hadi mwisho, akajikuna kidevu.

"Na akichukua mwaka?"

"Basi ni mwaka."

Honi ikalia nje. Fundi akamwambia wazi kwamba sanduku hilo lingepata mwenyewe Ruiru jioni hiyo hiyo, na lingine kama hilo halingepatikana upesi. Yahya alitikisa kichwa kukataa, wakairudisha mashine mpya sandukuni. Alishika upande mmoja wa sanduku, wakalibeba pamoja hadi kwenye pikapu, akaifunga kamba yeye mwenyewe.

Alhamisi asubuhi kinyozi alikuja kupima kuta. Mchana mzee Kang'ethe aliingia, akavua kofia, akaketi.  Yahya aliiwasha mashine yake kuukuu, ikaguna, ikafikiri, ikaguna tena. Akageuza feni ndogo iielekee isije ikazimika kwa joto.

Ndege ikainuka juu ya mashamba ya kijani, mraba kwa mraba, bila haraka. Mbele, mbali sana, mstari wa kijivu wa uwanja wa kutua, mwembamba kama uzi, ulianza kupanuka. Kidole cha mzee kikatafuta kitufe kwenye kibodi.

"Taratibu, guka," Yahya akasema. "Mafuta bado yapo."