Bia ya Sahro

Sahro aliigeuza barua ile mara tatu na bado haikumwambia kitu zaidi ya tarakimu kubwa ya deni. Kiswahili alikuwa akikisoma, darasa la jioni lilikuwa limemfikisha hapo, lakini barua ilikuwa ya Kiingereza. Askari wa leseni aliyeileta alisema jambo moja tu: asipolipa, Ijumaa kibanda kinapigwa kufuli. Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Olow, walaal, ndugu yangu, nisomee," alimwambia dereva wa lori la Modogashe aliyekuwa akipuliza chai yake. "Kodi gani hii? Hata mwenye duka la jumla halipi hivi."

Olow akasoma, midomo ikimcheza. Kisha akainua macho kwenye leseni, nayo ya Kiingereza, iliyotundikwa juu ya birika, akaisoma nayo. Akacheka mpaka chai ikammwagikia.

"Kumbe hapa iko bia na wewe naficha? Leta moja baridi!"

"Astaghfirullah! Shika adabu, Olow."

"Si mimi, ni serikali. Chai, bia, maziwa. Imeandikwa. Umekatiwa kodi ya baa, abaayo, dada yangu."

Sahro akaitazama leseni. Miezi mitatu karatasi hiyo ilikuwa hapo, na kila asubuhi yeye huipangusa vumbi! Maziwa ya ngamia aliletewa na mama mkwe wake, Hawo. Hawo akisikia neno bia, hata kikombe kimoja hangeleta tena, na bila maziwa yale hakuna kibanda.

Akamfunga mtoto wake Ilhan mgongoni, akamwachia Olow jiko, akaenda mbio.

Ofisini alimkuta karani yuleyule aliyemwandikia leseni, mgeni kutoka ng'ambo ya mto Tana.

"Mama, nilikuuliza unauza nini. Ukasema mwenyewe: chai, bia, maziwa."

"Nilisema chai, bia maziwa."

"Si ndiyo hiyo?"

"Siyo hiyo! Nauza chai. Maziwa bia nauza!"

Foleni nyuma yake ikaangua kicheko. Hapo ndipo Sahro alipotambua. Darasani mwalimu humsimamisha aseme papai, naye husema babai, na darasa zima husema babai. Akaichukua kalamu ya karani, akaandika pembeni mwa gazeti lake: *pia*.

"Mdomo yangu haiwezi," alisema. "Mkono inaweza."

Karani akalitazama neno, akajikuna shingo. "Kumbe." Akavuta fomu. "Basi ni rahisi. Tia sahihi hapa."

Chini ya Kiingereza palikuwa na Kiswahili. Sahro akapitisha kidole polepole: *Nathibitisha kwamba nimeacha kuuza bia.*

"Nimeacha?"

"Ndiyo fomu tuliyo nayo. Ya kufunga baa. Ya mtu ambaye hakufungua hatuna."

"Nikitia sahihi, basi niliuza."

"Ni karatasi tu, mama. Nani ataisoma?"

"Mimi nimesoma."

"Usipotia, kesho ni kufuli."

Ilhan akaanza kulia. "Dada, andika tuende, jua inatuua!" mtu akapiga kelele. Sahro akahisi jasho likimshuka mgongoni, kati yake na mtoto. Akaishika kalamu, akakata *nimeacha kuuza*, akaandika juu yake *sijauza hata siku moja*. Ndipo akatia sahihi.

"Umeharibu fomu ya serikali!"

"Nimeitengeneza."

Karani akamkazia macho, akaitazama foleni, akainuka na kuipeleka fomu kwa mkubwa wake. Sahro akabaki akimpapasa mtoto, akienda mlangoni na kurudi, hatua nne kwenda, nne kurudi. Karani aliporudi fomu ilikuwa na mhuri.

"Kufuli imesimama wiki mbili. Lakini hiyo kodi imeandikwa Nairobi, hapa hatuwezi kuifuta. Waandikie barua."

"Kwa Kiswahili?"

"Andika. Wakijibu, wakijibu."

Akaomba karatasi, akaketi kwenye ngazi ya ofisi na kumnyonyesha Ilhan huku akiandika juu ya goti. Alipaswa kuharakisha. Ile foleni ingekisambaza kicheko chake mji mzima, naye alitaka Hawo alisikie jambo hili kwake kwanza. Mstari wa kwanza aliufuta mara mbili.

Mama mmoja kutoka kwenye foleni, Muslimo, mshona mito, akachutama kando yake.

"Ukimaliza, niandikie na mimi. Nauza bamba ya kujaza mito. Wao wameandika nauza mabati."

Sahro alitaka kucheka, akashindwa. Akasogea kidogo kwenye ngazi ampe nafasi.

"Ngoja nimalize," alisema. "Kisha utaniambia polepole."