Nati ya Mkwe

Kiapo ni kiapo, na huyu mzee alikila mwenyewe, mezani, asubuhi kweupe, akiwa na akili zake timamu na kipande cha mkate mkononi. "Siku nitakayoshindwa na nati," alisema, "sanduku langu la vifaa lichukueni. Mpe mumeo."

Aliyekuwa akiambiwa ni binti yake, aliyekuja kuwasalimu, na kisa chote kilikuwa chupa ya jamu. Mzee alikuwa amehangaika na kifuniko chake mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Binti akaichukua, akaifungua kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga chai. Wala hakucheka. Heri angecheka! Alimtazama baba yake kwa huruma, akamwambia, "Baba, miaka arobaini ya mabomba inatosha. Hayo mavyuma siku moja yatakuangukia mguuni. Pumzika." Tusi la jirani utalijibu, lakini huruma ya mwanao utaijibu nini? Ndipo akaapa.

Maana huyu hakuwa mtu wa kuambiwa pumzika. Alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Mzee Kaza, kwa kuwa bomba alilolifunga yeye lilikuwa limefungwa kwelikweli. Hata baada ya kustaafu hakuacha. Kila jioni alizunguka nyumba nzima akikaza koki, jikoni, bafuni, mpaka ile ya uani, na kila asubuhi mkewe alifungua ya jikoni kwa taulo na maneno makali. Sanduku lenyewe lilikuwa la chuma, la kijani, limebonyea kona moja, na kila spana ndani yake ilikuwa na kitambaa chake. Tangu siku ya jamu, mzee alikuwa akijipima kwa siri. Alijifungia chumbani akifungua na kufunga chupa ya dawa ya kikohozi, na hakuna aliyekuwa akikohoa.

Jumamosi iliyofuata, binti akaja na mumewe.

Huyu mkwe alikuwa mwalimu wa jiografia, mpole kupita kiasi, wa kugonga mlango hata ukiwa wazi. Starehe yake ilikuwa moja tu: kupika bia stoo kwake. Akishaipika huitia kwenye pipa la chuma, kisha huisukumia gesi kutoka kwenye mtungi ili iwe na povu. Kati ya mtungi na pipa hukaa regulata, dude la shaba la ukubwa wa ngumi, lenye geji mbili za kuonyesha nguvu ya gesi. Basi geji moja ilikuwa imepasuka kioo na mshale wake umeganda. Mpya alikwishanunua. Ya zamani ndiyo ilikuwa imegoma kutoka, nati yake haifunguki, na lita ishirini za bia zilikuwa stoo bila gesi, zimepooza kama maji ya kuoshea vyombo, nao walimu wenzake amewaalika kesho yake.

"Shikamoo baba. Jana niliijaribu kidogo, nikaogopa kuivunja," alisema, akilitoa dude kwenye mfuko. "Nikasema, penye wazee haliharibiki neno. Hata nimechora mstari wa wino, hapa kwenye nati mpaka kwenye shaba, ili ikisogea tuone."

Mzee alilipokea mkononi, akaligeuza, akamtupia binti yake jicho. Binti naye alikuwa amekaa kizingitini, mikono kifuani, anasubiri.

"Nati ni nati," mzee akasema. "Iwe ya bafu, iwe ya pombe."

Wakaenda kwenye veranda ya nyuma, kwenye meza yake ya kazi. Akaizungushia shaba kitambaa, akaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akachagua spana inayoenea barabara. Akavuta kushoto, kama alivyofungua nati zote tangu ujana wake. Kimya. Akavuta tena. Kimya vilevile, isipokuwa goti lake lililolia kwa niaba ya nati.

"Kutu," alisema. "Hii tutaibembeleza."

Akaipaka mafuta ya kulegezea, akaagiza chai, wakasubiri yaingie. Alipovuta mara ya tatu, mkwe aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa shaba, kisha akaruka juu. "Baba, mstari umesogea! Inakuja!"

"Nilikwambia nini?" Mzee alivimba kichwa. "Inakuja yenyewe!"

Lo, furaha iliyokuwa pale! Mzee alitafuta kipande cha bomba, akakichomeka kwenye mkono wa spana ili apate urefu, akajitundika kwa uzito wake wote. Mstari ukasogea tena, kidogo. Mkwe akapiga makofi. Mzee akajitundika tena, na tena, mpaka nati ikasimama kabisa, haiendi mbele wala nyuma.

Mkewe alitokeza kufuata birika lake. Akasimama, akaikodolea macho ile nati. "Baba watoto, hebu nione hizo pembe zake..."

"Mama, hapa pana kazi. Utachafuka."

"Nasema hivi, hiyo..."

"Jamani! Mtu hawezi kufanya kazi kwenye nyumba hii?"

Mama alimtazama, akachukua birika lake. Miaka thelathini na minane ya ndoa ilikuwa imemfundisha lini kumwachia mtu nati yake. "Sikio la kufa halisikii dawa," akanung'unika, akarudi jikoni.

Wakaimwagia maji ya moto. Wakaigongagonga kwa nyundo ndogo. Mkwe naye akapewa zamu, akavuta mpaka miwani ikamdondoka. Jua lilikuwa limeshafika katikati ya veranda mzee alipojaribu kwa mara ya mwisho, na spana ikamponyoka ikaanguka sakafuni, kando kabisa ya mguu wake.

Hata binti aliangalia pembeni.

Mzee aliiokota. Akaifuta mafuta, akaivisha kitambaa chake. Akazikusanya zote moja moja, akazipanga sandukuni, akafunga kifuniko. Lachi zake mbili za kufungia zililia, ta, ta. "Haya, mwanangu," alimwambia mkwe, akilisukuma sanduku mbele yake. "Chukua. Spana kubwa haipendi unyevu."

Iliuma, tusidanganyane. Alihisi kama amekabidhi mikono yake miwili.

"Baba, mimi hata sijui kuvitumia," mkwe alisema, karibu kulia. Kisha, kwa nia njema ya walimu, akaongeza, "Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Nyamaza wewe!" Binti alisimama. Yeye ndiye aliyetaka sanduku liondoke, na sasa lilipokuwa linaondoka hakuweza kulitazama. "Baba, rudisha bwana. Ilikuwa mazungumzo ya chai tu."

"Kiapo ni kiapo."

Ndipo mama akatoka jikoni. Alikuwa amenuia kumwacha mumewe ajionee, lakini mlio wa zile lachi aliujua, na haukuwa mlio wa saa hiyo ya mchana. Mkononi alishika spana yake mwenyewe, ile fupi inayotundikwa msumarini kando ya jiko.

"Mlikuwa mnaizungusha wapi?" aliuliza.

"Kushoto, mama," mkwe akajibu. "Kufungua."

"Makubwa! Njooni muone." Akaweka kidole kwenye nati. "Mnaona kila pembe ina mkato? Nati ya mtungi wangu wa jikoni ni hivihivi. Hizi za gesi nyingine zimekatwa meno kinyume. Kulia ndiyo kufungua, kushoto ni kukaza. Miaka ishirini nabadilisha mitungi nyumba hii, kuna aliyewahi kuniuliza?"

Hakuwapo, na fundi wa nyumba aliitazama dari.

Mama aliweka spana yake, akavuta kulia. Nati haikutikisika. Akampa mkwe, aliyeuma meno akavuta, wapi! Binti akaja na ule mkono wake wa jamu, kisha akaweka wa pili, kisha akaweka na mguu kwenye meza. Wapi!

"Ala! Nani kaikaza hivi?" alifoka, akijipuliza viganja.

Mkwe aliinamia mstari wake wa wino. Kipande cha kwenye nati na cha kwenye shaba vilikuwa vimeachana kwa upana wa kidole. "Jana haikuwa hivi," alisema polepole. "Tuliposema inakuja..."

"Ilikuwa inakwenda," mama akamalizia.

Wote watatu wakamgeukia mzee.

"Basi imenishinda," alisema kwa ubishi, macho chini. "Tena kwa ujinga."

"Ujinga sawa, huo nakuachia. Lakini imekushinda wapi?" Mama alimsogelea. "Nati imekutii, baba watoto. Asubuhi nzima unaiambia kaza, nayo inakaza. Mkweo hawezi kuilegeza, mwanao hawezi, mimi siwezi. Aliyeifunga ndiye aje aifungue."

Mzee alinyanyua macho. Akakohoa, na safari hii hakukuwa na dawa karibu.

"Lete sanduku langu," alimwambia mkwe.

Hakuna deni duniani lililorudishwa haraka namna ile. Mzee alifungua lachi, akaivua spana kitambaa chake, akachomeka lile bomba. Akapanga miguu. Akavuta kulia, taratibu, uso ukiiva, mpaka nati ikatoa mlio mmoja mkali, ikalegea. Alimalizia kuizungusha kwa vidole, bila haraka, wote wakitazama. Kisha akamwekea mkwe geji mbovu kiganjani.

Binti alichukua taulo la mama yake, akamfuta baba yake jasho la usoni. Halafu akasita. "Hivi ile chupa ya jamu, usiku uliotangulia nani alikuwa ameifunga?"

"Nani mwingine huzunguka humu ndani akifunga vitu?" mama alijibu, akirudi jikoni na birika lake. Wakasikia akihangaika, akisonya, akihangaika tena. "Mzee Kaza! Hili bomba nalo!"

"Naja," alisema. Na kwa koki ambayo ilihitaji mkono mmoja tu, aliondoka na sanduku zima, akitembea polepole katikati ya veranda ili kila mtu apate nafasi ya kumpisha.