Wimbo Alioutunga Baba

Mama alipokaribia kutimiza miaka sabini aliniomba kitu kimoja tu: nimpigie wimbo ambao marehemu baba alimtungia mwaka ule mama alipougua akanusurika kufa. Nikasema, hilo tu? Nimefaulu mitihani yote ya dola, nimekuwa hakimu wa wilaya miaka tisa, wimbo ndio unishinde?

Ukanishinda. Karatasi aliyoiacha baba ilikuwa kama karatasi zote za kinanda chetu cha nyuzi saba: inakuambia kidole kipi, uzi upi, ubonyeze wapi. Haikuambii ukae hapo muda gani. Hilo mtu hulipata kwa mwenye wimbo, ana kwa ana, na mimi sikuwahi kumwuliza baba. Nilikuwa nakariri vitabu, mjinga mimi.

Nikaenda kwa Mzee Ou, rafiki yake baba. Aliupiga polepole mno, machozi yakimlengalenga.

"Hivi ndivyo alivyoupiga, mwanangu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake."

Nikavuka mfereji hadi kwa Mzee Tan, rafiki yake mwingine. Vidole vile vile, nyuzi zile zile, lakini mbiombio, wimbo wa kuchekelea!

"Ou?" akafoka. "Huyo anayesinzia huku anapiga? Baba yako alikuwa anashangilia bwana, mke kapona!"

Nikarudi kwa Ou.

"Tan alikuwa amelewa," akasema. "Lini hakuwa amelewa?"

Siku kumi nikahangaika hadi kichwa kikaniuma. Asubuhi nilimwamini Ou, mchana Tan. Kuna mwongo hapa, au baba alikuwa watu wawili? Niliona aibu: mwanawe wa pekee, na simjui. Mwishowe nikaamua nipige namna zote mbili, mama mwenyewe aamue.

Siku ikafika. Tulipomaliza tambi za sherehe na wageni wakaondoka, nikampigia mama kwanza namna ya Ou, kisha ya Tan, macho yangu usoni pake. Sikuambulia kitu.

"Mama, ipi ni ya baba?"

"Nitajuaje, Shu?"

"Si alikutungia wewe?"

"Alinitungia mimi, akawapigia wao. Kule kwenye chumba chake cha vitabu, mimi huku uani. Na kinanda chenyewe sauti yake haivuki hata ukuta mmoja. Miaka yote nilikuwa napeleka chai hadi mlangoni, nampa mtumishi sinia, narudi."

"Sasa mbona hukumwomba?"

"Na yeye mbona hakuniita?"

Nilimkasirikia baba, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana mke wangu naye alikuwa upande wa pili wa ukuta wakati huo huo.

Mama akavuta kigoda chake hadi magoti yakagusa meza ya kinanda.

"Piga tena."

"Kwa mtindo gani, mama?"

"Wowote, mwanangu. Mimi nimeshakaa."