Nani Alilala Kwenye Klachi?

Kisa hiki ni cha kweli tupu. Naapa kwa macho yangu yote mawili, na miwani juu yake. Anayetafuta chumvi aende jikoni, humu hamna.

Bi Pazia aliingia gereji akiwa amefura. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu hakuna dirisha la maana ambalo hakulishonea pazia. Hakukasirishwa na gari kukwama. Lile lilikuwa gari la zamani, na uzee si kosa. Kilichomchoma ni maneno. Jana yake klachi iliishiwa nguvu kilimani ikiwa mikononi mwake, au tuseme miguuni mwake, na tangu hapo mumewe, mtunza stoo mstaafu aliyejulikana kama Bwana Stoo, alikuwa amepita kwa kinyozi, kwa muuza magazeti na kwa kila jirani mwenye masikio, akitangaza: "Mke wangu kaniunguzia klachi. Nilimwambia, gari si cherehani!"

Gari si cherehani! Yeye aliyepata leseni uzeeni, kwa jaribio la kwanza! Tangu aipate, ufunguo alipewa kwa nadra, tena mume akiwa ameketi kando, kang'ang'ania dashibodi kama abiria wa meli inayozama. Siku nyingine zote alipelekea wateja mapazia yao kwa miguu, furushi kichwani, na gari limejifunika turubai uani, linapumzika.

"Shida nini, mama?" fundi aliuliza, akifuta mikono kwenye ovaroli iliyokuwa na grisi kuliko mikono yenyewe.

"Muulize mwenye gari. Mimi ni mshtakiwa."

Bwana Stoo akajisogeza mbele. "Injini inanguruma kama simba, gari linatambaa kama konokono. Jana ulitoka moshi, fundi, moshi! Kuku wa kilima kizima walidhani jua limekuchwa, wakapanda kulala."

"Kuku gani? Mimi sikuona kuku."

"Wewe ulikuwa unatazama barabara."

"Ahaa! Kumbe nilikuwa naendesha vizuri."

Fundi akacheka, akaingia garini. Akavuta breki ya mkono, akaweka gia ya tatu, akakanyaga mafuta kidogo huku akiachia klachi polepole. "Ikizima, klachi nzima," alisema. Injini haikuzima. Iliendelea kuvuma kana kwamba haijaambiwa kitu, na harufu ya kuungua ikajaa gereji. "Inateleza." Akashuka, akaibonyeza pedali kwa mkono: ilikuwa na nafasi yake ya kucheza, waya haukuwa umekazwa mno. Akalala chini na tochi: hakuna oili iliyovuja. "Basi ni sahani yenyewe. Tunashusha giaboksi."

Giaboksi liliposhushwa, fundi aliinua sahani ya klachi. Ilikuwa imelika mpaka vichwa vya ribiti, zile pini za chuma zinazoishikilia, vinang'aa. Akatikisa kichwa.

"Hii klachi imelaliwa."

Bwana Stoo akaruka. "Imelaliwa na nani? Nilijua! Nimekwenda kunywa chai kidogo tu, mmoja wenu kaingia kujinyoosha!"

"Mzee, hii imelaliwa miaka."

"Miaka!" Akamgeukia mkewe, macho yamemtoka. "Mke wangu, ni nani unayemlaza kwenye gari langu?"

Bi Pazia aliutupa mkoba wake juu ya benchi, spana zikalia. "Yaani nimetoka kwenye kuunguza, sasa nimefungua nyumba ya wageni? Kwenye gari ambalo mimi mwenyewe siruhusiwi hata kukaa? Fundi, mweleze huyu kabla sijamweleza mimi!"

"Kulalia klachi ni mguu, mzee," fundi alisema haraka. "Dereva habadili gia, lakini mguu kauegemeza kwenye pedali. Sahani haishiki sawasawa, inasuguana, inalika kidogo kidogo."

"Si nilisema? Ni yeye!"

"Mimi?" Sauti ya Bi Pazia ilishuka, na wanaomjua wanajua kwamba ikishuka ni balaa. "Sikiliza, baba watoto. Ukiwa ni mguu wangu, usukani siugusi tena mpaka nazikwa. Ukiwa ni wako, ufunguo ni wangu, na utarudi kote ulikonichafua ukanisafishe, mlango kwa mlango, kuanzia kwa kinyozi. Umekubali?"

"Nimekubali! Fundi ni shahidi."

Sahani mpya ikafungwa, wakaenda kulijaribu gari. Bwana Stoo alishika usukani, mkewe kando yake, fundi nyuma. Barabara ilinyooka, gari likaitika vizuri, na mzee akanogewa. Akaanza kusimulia alivyowahi kuvuka mto uliofurika, waya wa klachi umekatika, kaufunga kwa kamba ya kiatu. Mkewe hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama chini.

"Baba watoto, huo mguu wa kushoto unafanya nini huko?"

"Unafanya kazi!" Bwana Stoo aliona ametukanwa. "Wewe ukishaweka gia unautupa mguu sakafuni kama umechoka na maisha. Wangu hautoki kwenye pedali, safari nzima, tayari kwa lolote! Huo ndio udereva. Tangu gari hili liwe langu, mguu wangu wa kushoto haujakanyaga zulia. Tazama mwenyewe, hapo chini zulia bado jipya!"

Nyuma, fundi alikohoa, kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Rudia, baba watoto," Bi Pazia alisema taratibu. "Zulia likoje?"

Bwana Stoo aliegesha gari kando. Akashuka, akamkabidhi mkewe ufunguo kwa tabasamu, bila kulazimishwa, muungwana yule, mtanashati mwenye kifua kipana.

Kifua kipana cha nani? Haya, nimeshikwa. Mke wangu anasoma begani kwangu, na anasema nisipoandika ukweli ataandika yeye. Ukweli ni kwamba ufunguo aliung'oa mkononi mwangu kidole kimoja kimoja, na fundi akamsaidia. Sasa ametoka, gari linawaka nje, na honi imeshalia. Naacha kalamu hapa, nikapande kiti cha nyuma. Tunaanzia kwa kinyozi.