Nyaya Mbili za Achille

Sinema haijui gari, jamani, na Achille ndiye aliyekuwa akiisemea. Katika ukumbi wa video wa Bwegera alisimama kando ya televisheni, akigeuza maneno ya wezi na polisi kuwa Kiswahili na kutia chumvi yake. Gari likiruka mto na kutua na mipira yote ya magurudumu mizima, anashangilia. Likikimbizwa siku mbili bila kutiwa hata lita moja ya mazutu, kimya. Na kila mwizi alipovuta nyaya mbili chini ya usukani na kuzigusanisha, Achille alitangaza kwa sauti ya fundi kwamba hiyo ni kazi ya dakika moja. Cyprien, dereva wa kamionneti, gari dogo la kubebea mpunga, alicheka mpaka akatolewa nje. Usukani unajifunga bila ufunguo, alisema. Hizo ni hadithi za watu wanaokwenda kwa miguu. Kweli, Achille hakuwahi kuendesha hata pikipiki.

Jumapili moja uchungu ulimkamata mke wake, Noella, tangu alfajiri. Muuguzi wa kituo cha afya akaona mkono wa mtoto umetangulia. Akasema akapasuliwe hospitali, upesi, na asipandishwe pikipiki, alazwe. Gari pekee lilikuwa kamionneti ya Cyprien, imesimama pale pale mbele ya kituo. Mwenyewe alikuwa misani, ng'ambo ya mashamba, na ufunguo mfukoni. Mtu alishatumwa mbio kumwita. Wakamlaza Noella nyuma, juu ya magunia matupu, wakangoja.

Kungoja gani huko, na mke wako analia vile? Apollinarie, mama mkwe, alimkamata Achille shati.

"Weye si kila siku unasema ni nyaya mbili? Mutoto wangu iko anakufa."

Angejibu nini? Aseme mbele ya watu wote wale kwamba anachokijua ni maneno tu? Hofu ilimshika, na aibu ikamsukuma. Akavunja kioo, akaingia, akapasua plastiki chini ya usukani kwa kisu. Nyaya hazikuwa mbili. Zilijaa pale kama tambi kwenye sufuria. Akakata nyekundu, akakata nyeusi, akazigusanisha. Cheche. Akajaribu nyingine, na nyingine tena. Moshi ukamjaa machoni, kisha hata taa zikafa.

Cyprien alifika akihema, shati la misa limelowa jasho. Alizungusha ufunguo mara nne. Akainama, akachungulia, akakaa chini vumbini.

"Umeunguza zote," alisema. "Hata tukiisukuma haiwaki."

Hakumtukana, na hilo lilimuumiza Achille kuliko matusi.

Ufunguo walau ulifungua usukani. Wakakubaliana kuisukuma hadi barabara kubwa, pengine Mungu ataleta lori. Cyprien akashika usukani, wanaume wanane wakaweka mabega. Achille alikuwa nyuma kabisa, uso wake karibu na uso wa mke wake. Noella alikuwa amefumba macho. Alipohisi gari linatembea, alitabasamu kidogo.

"Achille, umeiwasha?"

"Ndiyo. Tunaenda."

Alitega sikio.

"Mbona minye siisikii moteri?"

Achille aliinamisha kichwa, akasukuma.